Greta Tugendhat na nyumba ya Brno ambamo nchi moja iligawanywa mbili

Agosti 26, 1992, wanasiasa wawili walikutana katika nyumba nyeupe yenye kuta za vioo, iliyojengwa kwenye mteremko unaotazama mji wa Brno. Mmoja alikuwa Václav Klaus, waziri mkuu wa upande wa Cheki. Wa pili alikuwa Vladimír Mečiar, waziri mkuu wa upande wa Slovakia. Walipomaliza mazungumzo walikuwa wamekubaliana ratiba: Chekoslovakia, nchi iliyozaliwa mwaka 1918, ingekoma usiku wa kuamkia Januari 1, 1993. Hapakufyatuliwa risasi. Hapakupigwa kura ya maoni ya wananchi pia, ingawa uchunguzi wa maoni wa wakati ule ulionyesha kuwa wengi wa pande zote mbili hawakuitaka talaka hiyo.

Nyumba yenyewe haikujengwa kwa ajili ya siasa. Ilikuwa zawadi ya ndoa. Bwana aliyeigharimia alikuwa na viwanda vya nguo, na binti aliyezawadiwa aliitwa Greta. Huyu Greta aliishi humo miaka isiyozidi minane, akaikimbia, akaiona tena akiwa mzee, na alikuwa amefariki zaidi ya miaka 20 wakati wakubwa hao wawili walipokuja kuketi kwake bila yeye kuwepo. Maisha yake yanastahili kusomwa na yeyote anayelala upande mmoja wa mpaka na kuuza upande wa pili, kwa sababu mipaka ilimpita juu ya kichwa mara kadhaa na kila mara ilimgusa mfukoni au shingoni.

Greta Löw-Beer alizaliwa Brno mwezi Mei 1903. Mji huo wakati ule ulikuwa ndani ya Dola ya Austria na Hungaria, na ulisifika kwa sufu. Watu waliuita Manchester ya Moravia, wakiufananisha na mji wa Uingereza uliokuwa makao makuu ya viwanda vya pamba. Moshi wa viwanda ulitanda bondeni, na vitambaa vya suti vilivyofumwa hapo vilipakiwa kwenye treni kwenda Vienna, Budapest na miji mingine ya dola. Mfalme alikuwa mmoja, sarafu moja, na hapakuwa na forodha njiani. Kwa mwenye kiwanda, hilo lilikuwa soko la mamilioni ya watu.

Familia ya Löw-Beer walikuwa Wayahudi waliozungumza Kijerumani, na walikuwa miongoni mwa wenye viwanda wakubwa wa eneo hilo. Nguo za sufu ndizo zilizowapa jina, lakini walikuwa na mkono pia katika sukari na saruji. Baba yake Greta, Alfred, alinunua mwaka 1913 jumba la kifahari lililokuwa limejengwa na mwenye kiwanda mwingine wa nguo miaka kama 10 kabla. Lilikuwa na mapambo ya maua na mistari ya kujipinda, kama mtindo wa wakati huo ulivyotaka. Nyuma yake bustani ilipanda mlima. Ile bustani tuikumbuke.

Mwaka 1918 dola ikavunjika. Brno ikajikuta ndani ya Chekoslovakia, na Vienna, mji ulio karibu nayo kuliko Prague, ukawa ng'ambo. Wateja wa jana wakawa wageni wa leo. Kila nchi mpya ilipandisha kuta za ushuru kulinda viwanda vyake, na wafumaji wa Brno ilibidi watafute njia nyingine za kuuza. Wakubwa kama akina Löw-Beer walikuwa na akiba na majina ya kuwavusha. Wengi wadogo hawakuwa nayo.

Greta aliolewa mara ya kwanza mwaka 1922 na mwenye kiwanda wa Kijerumani, akahamia kwa mumewe, akapata binti aliyeitwa Hanna. Ndoa hiyo haikudumu. Mwaka 1928 aliachika na mwaka huohuo akaolewa mjini Berlin na Fritz Tugendhat, mtu wa Brno kama yeye, wa familia ya Kiyahudi yenye viwanda vya nguo kama ya kwao. Fritz, aliyezaliwa mwaka 1895, alikuwa mbia katika kiwanda cha vitambaa vya sufu. Alikwenda kiwandani kila siku kama ilivyompasa, lakini furaha yake ilikuwa kamera. Alipiga picha na filamu, akazisafisha mwenyewe, na picha nyingi tulizonazo za maisha ya ndani ya nyumba ile ni kazi ya mkono wake.

Akiwa Berlin, Greta alikuwa akitembelea nyumba ya mwanahistoria wa sanaa Eduard Fuchs. Iliyomvutia ilikuwa nyumba yenyewe kuliko maongezi. Ilikuwa kazi ya msanifu majengo aitwaye Ludwig Mies van der Rohe. Greta alitaka nyumba ya kisasa, yenye nafasi wazi na mistari iliyonyooka. Alikuwa amekulia katika vyumba vilivyojaa mapazia, vinyago na vikorokoro, na alikuwa amechoka. Yeye na Fritz wakamwita Mies, naye akafika Brno Septemba 1928 kuangalia kiwanja.

Kiwanja kilikuwa sehemu ya juu ya bustani ya Alfred. Mzee alimkatia bintiye kipande hicho na akabeba gharama za ujenzi. Hakuna popote ninapoona dalili kwamba alimwekea masharti ya mtindo, jambo ambalo wazazi wanaolipa bili mara nyingi hulifanya.

Usiku wa mwaka mpya, Desemba 31, 1928, Mies aliwafungulia michoro. Mazungumzo yalivuka saa sita. Walitarajia nyumba; wakaonyeshwa ukumbi mkubwa mmoja, bila vyumba vya kawaida, na misalaba midogo kwenye karatasi ambayo hawakuielewa. Ile misalaba ilikuwa nguzo za chuma. Fritz alitoa hoja zake, na kadhaa zilikubaliwa, kwa mfano kwamba nguzo zisisimame katikati ya vyumba vya kulala. Aliposema milango inayotoka sakafuni hadi darini itapinda, Mies alimjulisha kuwa bila milango hiyo yeye hajengi. Ikabaki. Ukweli ni kwamba fundi ndiye aliyeshinda mengi.

Ujenzi ulianza katikati ya mwaka 1929 na familia ikaingia Desemba 1930. Kampuni ya Brno ya ndugu wawili, Artur na Mořic Eisler, ndiyo iliyojenga.

Kwa mtu wa biashara, nyumba ile inasomeka kama hati ya mizigo. Ukuta mmoja wa ukumbi ulitengenezwa kwa jiwe la oniksi lililochimbwa katika milima ya Atlas, nchini Moroko. Ni jiwe la rangi ya asali ambalo jua la majira ya baridi likiwa chini hulipenya na kuliwasha kwa ndani. Ukuta mwingine, uliojikunja nusu duara kuizunguka meza ya chakula, ulikuwa wa mbao za mpingo wa Makassar kutoka visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Sakafu na ngazi za mawe zilitumia travatini ya Italia. Samani nyingine zilitengenezwa kwa mbao za zebrano, mti wenye michirizi unaotoka misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Nguzo za chuma zilivishwa kromu zikang'aa kama vioo. Vitu hivyo vilivuka bahari na forodha nyingi kufika kwenye mji usio na bandari, katika nchi isiyo na bahari. Mtu anayesubiri kontena lake lishuke kutoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kigali au Bujumbura anajua hilo linagharimu nini.

Vioo vikubwa viwili vya ukuta wa bustani vilishuka kwa umeme hadi chini ya ardhi, vikauacha ukumbi wazi kama baraza. Chini kulikuwa na mitambo ya kupasha, kupoza na kulainisha hewa, kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha za Fritz na kingine cha kutunzia makoti ya manyoya yasiliwe na nondo. Karibu na gereji dereva alikuwa na makazi yake. Viti viwili vilivyobuniwa kwa ajili ya nyumba hiyo bado vinatengenezwa na kuuzwa duniani, kimoja kikiitwa kwa jina la familia na kingine kwa jina la mji. Lilly Reich, mshirika wa Mies, alikuwa na mchango mkubwa katika vitambaa na rangi za ndani, na kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini.

Ikumbukwe kuwa nyumba ilikamilika dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi. Viwanda vya Brno vilipunguza watu, na watembea kwa miguu waliyaona mataa ya mteremkoni. Mwaka 1931 jarida moja la Ujerumani lilianzisha mjadala mkali: je, inawezekana kuishi katika nyumba ya namna hiyo, au ni maonyesho tu? Wenye nyumba walijibu wenyewe kwa maandishi. Greta alieleza kuwa ule uwazi haukumbana, ulimpumzisha, na Fritz akakubaliana naye kwamba ukumbi huo ukitazamwa kwa ukamilifu wake hauhitaji pambo. Walikuwa wakiishi humo na watoto, akiwemo Ernst aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Ujerumani, na Herbert aliyemfuata mwaka 1933.

Mwaka 1933 pia ndio Hitler alioingia madarakani Berlin. Wakimbizi walianza kuvuka mpaka kuingia Chekoslovakia: Wayahudi, waandishi, wanasiasa wa mrengo wa kushoto. Greta akajiunga na shughuli za Shirikisho la Haki za Binadamu mjini Brno, akisaidia waliofika mikono mitupu. Nadhani ndiyo sababu yeye na mumewe waliiona hatari mapema kuliko majirani wengi. Waliwasikiliza waliotoka huko.

Mwezi Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria, na mpaka wa Hitler ukawa mwendo mfupi tu kutoka Brno. Mwaka huohuo familia ya Tugendhat ikaondoka kwenda Uswisi. Walichukua baadhi ya samani. Nyumba haibebeki.

Waliobaki hawakuwa na bahati hiyo. Wanajeshi wa Ujerumani waliingia Brno Machi 1939. Alfred Löw-Beer alijaribu kutoroka, na mwili wake ulikutwa kando ya reli. Baadhi ya ndugu wa Fritz waliangamia katika mauaji ya Wayahudi. Viwanda vya familia vilitwaliwa. Kimojawapo, kile cha Brněnec, ndicho ambacho mwaka 1944 Oskar Schindler alikigeuza kuwa kiwanda cha silaha ili kuwakinga wafanyakazi wake Wayahudi zaidi ya 1,000 wasiuawe. Wengi wameiona filamu ya kisa hicho. Wachache wanajua jengo lile lilikuwa mali ya nani.

Uswisi nayo haikuonekana salama kwa muda mrefu. Mwaka 1941 Fritz na Greta walivuka bahari hadi Caracas, Venezuela. Huko, katika joto la nchi ya tropiki, Fritz alirudi kwenye kazi aliyoijua: kutengeneza vitambaa vya sufu. Ni biashara ya kushangaza kidogo kwa hali ya hewa ile, lakini aliyewahi kuanza upya ugenini ataelewa kwamba mtu huanza na ujuzi alio nao mkononi. Mabinti wawili walizaliwa Caracas, Ruth mwaka 1942 na Daniela mwaka 1946. Mwaka 1950 familia ikarejea Uswisi na kuweka makazi katika mji wa St. Gallen, ambao nao ni mji wa nguo. Fritz alifariki mwaka 1958. Hakurudi kuishi Brno tena.

Wakati huo nyumba ilikuwa na maisha yake yenyewe, na yalikuwa magumu. Polisi wa siri wa Kinazi, Gestapo, waliitaifisha Oktoba 1939, na mwaka 1942 ikaandikishwa kuwa mali ya dola ya Ujerumani. Mkurugenzi wa kiwanda alipangishwa. Ule ukuta wa mpingo uliojikunja uling'olewa ukatoweka. Mwaka 1944 mabomu yaliyoanguka jirani yalivunja karibu vioo vyote vikubwa. Aprili 1945 Jeshi Jekundu la Kisovieti liliingia mjini, na ukumbi wenye jiwe la Moroko ukawa zizi la farasi.

Vita vilipokwisha, mwalimu wa ngoma alifungua shule yake mle ndani. Februari 1948 Wakomunisti wakashika serikali, na tumaini la wenye mali waliokimbia kurudishiwa vyao likafifia kabisa. Mwaka 1950 nyumba ikawa ya taifa, na kwa miaka mingi iliyofuata ikawa kituo cha mazoezi ya viungo kwa watoto wenye matatizo ya uti wa mgongo. Kuna picha za watoto wakijinyoosha sakafuni mbele ya ule ukuta wa oniksi. Wapenzi wa usanifu husikitika wanapoziona. Mimi sioni cha kusikitikia: ulikuwa ukumbi mpana wenye jua, na watoto walihitaji ukumbi mpana wenye jua. Bila matumizi hayo pengine ungebomolewa.

Kilichoiokoa nyumba kisheria ni kuorodheshwa mwaka 1963 kuwa mali ya urithi wa utamaduni. Kilichoiokoa kwa vitendo ni watu wachache wasiokubali kunyamaza, na aliyeongoza alikuwa msanifu majengo wa Brno, František Kalivoda. Ndiye aliyewasiliana na Greta. Mwaka 1967, baada ya karibu miaka 30, Greta alikanyaga tena mlango wake. Alikuta viti havipo, ukuta wa mpingo haupo, rangi imebadilika. Hakwenda kudai. Alikwenda kusaidia kukumbuka kila kitu kilikuwa wapi.

Januari 1969 alirudi tena na kutoa mhadhara mjini humo kuhusu jinsi nyumba ilivyopatikana: Berlin, mkesha wa mwaka mpya, ile misalaba kwenye michoro, ubishi wa milango. Mengi ya yale tunayoyajua kuhusu mwanzo wa jengo hilo yanatoka katika mhadhara huo. Vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia nchini Agosti iliyotangulia na dirisha lilikuwa likifungwa tena. Mies alifariki Agosti 1969. Greta alifariki katika ajali Desemba 1970, akiwa na miaka 67.

Jiji la Brno liliikarabati nyumba kati ya mwaka 1981 na 1985, kazi iliyolaumiwa na wataalamu baadaye kwa vitu vya asili vilivyopotea. Ikawa nyumba ya kupokelea wageni wa heshima. Kwa hiyo mwaka 1992, wanasiasa wa Prague na wa Bratislava walipohitaji mahali pasipo pa mmoja wao, Brno ilikuwa katikati ya njia na nyumba ya Greta ilikuwa tayari.

Hapa ndipo habari inapomgusa moja kwa moja mtu wa mpakani. Kugawana nchi ni kugawana vitu. Klaus na Mečiar na wataalamu wao walikubaliana kuwa mali zisizohamishika zibaki zilipo, na nyingine za shirikisho zigawanywe kwa uwiano wa mbili kwa moja kwa kuwa Wacheki walikuwa takriban mara mbili ya Waslovakia. Ndege, mabehewa, silaha, akiba: mbili huku, moja kule. Sehemu ya dhahabu ilibaki kuwa mzozo hadi mwaka 2000.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wenye umri mkubwa wanakijua kichefuchefu cha hesabu za namna hiyo. Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ya ndege, reli na bandari ulikamilishwa kwa mkataba wa mwaka 1984. Kwa miaka ile, aliyekuwa na duka Namanga au Taveta alikuwa na nusu ya wateja.

Wacheki na Waslovakia walifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya. Kabla nchi haijafa, Oktoba 1992, walitia saini umoja wa forodha. Bidhaa za upande mmoja zingeingia upande wa pili bila ushuru, na bidhaa kutoka nje zingelipiwa ushuru uleule popote zilipoingilia. Kwa maneno mengine, walitengana kisiasa huku wakijitahidi kubaki soko moja.

Haikuwa rahisi kama karatasi ilivyosema. Walipanga kuendelea na sarafu moja kwa miezi kadhaa. Haikufika hata wiki sita. Watu waliogopa koruna ya Slovakia ingeshuka, wakahamishia fedha zao kwenye benki za Cheki, na Februari 8, 1993 sarafu zikatenganishwa. Noti mpya hazikuwa tayari zote, hivyo noti za zamani zilibandikwa stempu ndogo kuonyesha hii ni ya wapi. Fikiria mchuuzi anayepokea malipo akikagua stempu kwenye kila noti. Julai mwaka huo Slovakia ilishusha thamani ya sarafu yake kwa asilimia 10. Biashara kati ya nchi hizo mbili ilianguka mwaka ule wa kwanza, pamoja na umoja wa forodha, kwa sababu mzigo usiolipiwa ushuru bado unahitaji makaratasi na bado unahitaji fedha inayoaminika.

Mstari wenyewe, uliokuwa mpaka wa mikoa tu, ulipita mahali ambapo hakuna aliyefikiria kituo cha polisi. Vijiji vidogo vilijikuta barabara yao ya pekee inapitia nchi nyingine. Mwaka 1997 nchi hizo zilibadilishana vipande: kitongoji cha U Sabotů kikaenda Slovakia, na Sidonie ikaenda Cheki.

Umoja wa forodha ulidumu hadi Mei 1, 2004, siku nchi zote mbili zilipoingia Umoja wa Ulaya na forodha ya katikati yao ikakosa kazi. Ukaguzi wa pasi mpakani ulikoma Desemba 21, 2007, isipokuwa vipindi vya muda kama ule wa janga la korona. Mwaka 2009 Slovakia ikachukua yuro. Cheki imebaki na koruna yake. Anayepeleka bidhaa kutoka Brno kwenda Bratislava leo hasimami mpakani, ila bado anabadilisha fedha. Zaidi ya miaka 30 baada ya kikao cha bustanini, hilo ndilo alama kubwa ya mpaka inayobaki mfukoni mwake.

Nyumba ilifunguliwa kama jumba la makumbusho mwaka 1994, na mwaka 2001 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Warithi wa Greta walifungua madai ya kurudishiwa mali. Sanamu iliyotengenezwa na Wilhelm Lehmbruck, iliyokuwa ya ukumbini, walirudishiwa. Nyumba ilibaki mikononi mwa jiji. Kati ya mwaka 2010 na 2012 ilikarabatiwa upya, safari hii kwa uangalifu, na Daniela, yule binti aliyezaliwa Caracas, akiwa mmoja wa wataalamu wa tume ya kimataifa iliyosimamia.

Wakati kazi ikiendelea, mwaka 2011, ule ukuta wa mpingo ulipatikana. Mwanahistoria wa sanaa wa Brno, Miroslav Ambroz, aliutambua katika kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha mji huo. Jengo hilo lilikuwa makao ya Gestapo wakati wa vita. Maofisa walikuwa wamezikata mbao na kuzipigilia ukutani mahali pao pa starehe, na wanafunzi wa sheria walikuwa wamekula chakula cha mchana mbele yake kwa miongo kadhaa. Mbao hizo zilirudishwa kuizunguka meza ya akina Tugendhat.

Jumba la Alfred, lile la chini ya mteremko, nalo lilikarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2015. Bustani hizo mbili zimeunganishwa, na mgeni anaweza kutembea kutoka nyumba ya baba hadi ya binti bila kutoka barabarani. Kuingia ndani kwa Greta ni lazima kuagiza tiketi mapema, mara nyingi miezi kadhaa kabla.